UFUNGUO UKIKATAA, MGONJWA ANANGOJA



Mwezi huu ukurasa wa usalama na afya unazungumza juu ya ufunguo wa gari. Wengine watauliza: mtu wa dispanseri anatafuta nini katika kazi ya mafundi wa garaje? Nina sababu mbili. Ya kwanza, gari ndiyo inayofikisha mgonjwa hospitali, na gari ya siku hizi inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya kitu chenye ukubwa wa sarafu. Ya pili, kitu hicho chenyewe kikitoka ndani ya ufunguo na kuanguka sakafuni kinaweza kumuumiza mtoto vibaya sana, hata kumuua. Nitaanza na gari, kisha nitafika kwa mtoto. Ninaomba usome mpaka hapo, hata kama huna gari.

Gari nyingi za hapa kwetu Vulamba, kati ya Butembo na Beni, zilikwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Zimetoka Japani au Dubai, zimeshuka melini Mombasa, zimepita Kampala, zimeingia kwa Kasindi. Mara nyingi gari inafika na ufunguo mmoja tu, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Siku ufunguo unapokataa hakuna wa kumwuliza isipokuwa jirani, na jirani anasema: «Papa, tusukume tu, itawaka.» Hilo ndilo shauri baya kuliko yote, na nitaeleza kwa nini.

VITU VIWILI NDANI YA UFUNGUO MMOJA

Shika kwanza jambo hili, maana mengine yote yanatoka hapo. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna vitu viwili vyenye kazi mbalimbali, na kimoja kinaweza kufa huku kingine kikiwa kizima.

Kitu cha kwanza ni telekomande. Hiyo ndiyo yenye vifungo vya kubonyeza. Inatuma ujumbe kwa mawimbi ya redio, gari inausikia, milango inafunguka. Inakula umeme wa jiwe dogo la duara lililo ndani yake. Wafaransa wanaiita «plip», na neno hilo linatoka katika jina la Paul Lipschutz aliyeibuni. Renault Fuego ilikuwa nayo tangu mwaka 1982. Wakati ule ilitumia mwanga usioonekana, kama telekomande ya televisheni. Zilizofuata karibu zote zinatumia redio. Ndiyo maana ile hila ya kuelekeza telekomande kwenye kamera ya simu ili kuona kama inawaka haina faida kwa gari ya leo. Hutaona kitu hata kama ni nzima, na utatupa telekomande isiyo na kosa.

Kitu cha pili ni chipu ya kizuizi cha moteri, ambacho mafundi wetu wanakiita antidemaraje. Chipu hii haina jiwe lolote. Kuzunguka tundu la kontakti kuna waya uliovingirishwa. Unapotia ufunguo, waya ule unatoa nguvu kidogo ya sumaku, chipu inaamka kwa nguvu hiyo na kutaja namba yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua, inaachilia mafuta na moto wa buji. Isipoitambua, inafunga. Serikali za Ulaya ziliamuru kizuizi hicho kiwemo katika kila gari ndogo mpya tangu Oktoba 1998, na Kanada ilifanya hivyo mwaka 2007. Wezi walipungukiwa kazi, lakini wenye gari nao wamepata shida mpya.

Sasa unaweza kupima mwenyewe. Kama vifungo havifungui mlango lakini moteri inawaka vizuri, telekomande imechoka na antidemaraje ni nzima. Kama milango inafunguka lakini moteri inakataa, usibadilishe jiwe, utapoteza franka zako bure: tafuta kwa chipu au kwa batri kubwa. Kama vyote viwili vimekufa kwa pamoja asubuhi moja, mara nyingi ufunguo hauna kosa hata kidogo. Batri ya gari ndiyo imelala.

Jambo hilo la mwisho linawadanganya watu wengi. Mtu anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Anakimbilia sokoni kununua jiwe. Kumbe gari yenyewe haina umeme wa kusikilizia. Tia kontakti, washa taa za mbele, piga honi. Taa zikififia honi inapolia, au honi ikitoa sauti ya mtu mwenye mafua, acha ufunguo na uende kwa batri. Batri iliyojaa, gari ikiwa imezimwa, inaonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 12 imekwisha. Safisha pia vichwa vya batri, maana ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita.

TELEKOMANDE IMECHOKA

Dalili yake inakuja polepole. Zamani ulifungua gari ukiwa mlangoni mwa nyumba. Sasa mpaka uisogelee. Kesho mpaka uiguse. Huo ni uzee wa jiwe. Soma namba iliyoandikwa juu ya jiwe la zamani na ununue ileile. Namba si pambo: CR2032 maana yake ni upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2016 ina upana uleule lakini ni nyembamba nusu, na ukiitia mahali pa ile nene haigusi vizuri. Yote mawili ni ya volti 3. Mwenye mita apime kabla ya kulipa: jiwe jipya linaonyesha zaidi kidogo ya volti 3, na likiwa chini ya 2.8 limekaa dukani miaka mingi mno. Ulitie upande uleule wa lile la kwanza, na usilishike kwa vidole vyenye mafuta.

Kama jiwe jipya halikusaidia, tazama ndani. Ufunguo uliofuliwa pamoja na suruali unaacha kutu ya kijani kwenye vyuma vidogo vinavyogusa jiwe. Hapa kwetu kulikuwa na sababu nyingine pia. Wakati wa Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, tulinawa mikono kila kizuizi kwa maji ya klorini ya 0.05 kwa mia, na vitu vilipuliziwa ya 0.5 kwa mia, ambayo ina nguvu mara kumi. Klorini iliokoa watu, na ugonjwa ukirudi tutaitumia tena bila kusitasita. Lakini inakula chuma na shaba, na ufunguo ulioshikwa kwa mkono wenye klorini mara ishirini kwa siku haudumu. Fungua kichwa chake, pangusa kwa kitambaa chenye alkoli kidogo, acha kikauke kabla ya kufunga. Usitumie maji wala petroli.

Wakati mwingine gari inakataa mahali pamoja tu, kwa mfano chini ya mnara wa antena za simu, na mbele kidogo inakubali. Mawimbi yamegongana. Sogea karibu na mlango, au fungua kwa ufunguo wa chuma.

Huo ufunguo wa chuma wengi hawajui kama wanao. Katika zile telekomande nene za gari zinazowashwa kwa kifungo, kuna kijiti cha chuma kimefichwa ndani: sukuma kile kikufuli kidogo cha pembeni, kitatoka. Tundu lake liko kwenye mlango wa dereva, na kwa gari nyingine limefunikwa na kifuniko kidogo. Lijaribu leo, mchana, wakati huna haraka. Tundu ambalo halijaguswa miaka kumi limejaa vumbi la barabara yetu, na usiku wa mvua si saa ya kuligundua.

Kwa gari hizo za kifungo, jiwe likiisha kabisa bado unaweza kuwasha. Katika Toyota nyingi unakanyaga breki, unagusisha telekomande kwenye kifungo cha kuwashia, upande wenye alama ya Toyota, unangoja mlio mdogo, halafu unabonyeza mara hiyohiyo. Chipu imeamshwa na gari yenyewe, jinsi nilivyoeleza. Shofere wa ambulansi asiyejua jambo hili anaweza kuketi saa nzima na mama mwenye uchungu nyuma yake, na gari ni nzima.

CHIPU HAITAMBULIWI

Tia kontakti na utazame tablo. Kuna taa ndogo yenye picha ya ufunguo au kufuli. Kwa gari nyingi inazimika baada ya sekunde chache, maana yake gari imekutambua. Ikiendelea kumeta-meta, haikutambui. Gari nyingine zinawaka kisha zinakufa baada ya sekunde mbili. Nyingine demareri haizunguki kabisa.

Kwanza ondoa ufunguo kwenye fungu. Ufunguo wa gari nyingine wenye chipu yake, ukining'inia karibu na tundu, unaweza kuvuruga. Chuma kingi nacho kinavuruga. Tia ufunguo mmoja peke yake, ngoja kidogo, jaribu tena. Kisha jaribu ufunguo wa pili, kama upo. Wa pili ukiwasha, kosa liko katika ule wa kwanza. Yote miwili ikikataa, kosa liko katika gari: fizibli, waya wa kontakti, au kompyuta. Hapo mwite fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Fundi mwenye bisibisi peke yake mwachie kazi nyingine.

Lakini kabla hujamwita, jiulize kama ulibadilisha ganda la ufunguo hivi karibuni. Ganda linavunjika, mtu ananunua jipya sokoni, kijana anahamisha kibao chenye vifungo na jiwe, anafunga, anapokea pesa. Milango inafunguka, kila mtu anafurahi, moteri haiwaki. Katika funguo nyingi chipu haiko juu ya kibao kile. Ni kipande kidogo cheusi, au kijichupa cha kioo kama punje ya mchele, kimejificha peke yake kwenye kona ya ganda la zamani. Na ganda la zamani liko wapi? Kwenye takataka. Usiruhusu kamwe ganda la zamani litupwe kabla moteri haijawaka kwa ganda jipya.

Na kama una ufunguo mmoja tu, tengenezesha wa pili sasa, wakati huu mmoja ungali mzima. Kwa gari nyingi ufunguo unaotambuliwa unasaidia kumwingiza mwenzake katika kompyuta. Ukipotea wa mwisho, fundi atalazimika kufungua kompyuta yenyewe, na bei itakuwa nyingine kabisa.

Kuna pia kengele za wezi zilizofungwa baadaye, Dubai au Kampala au hapa mjini, zenye telekomande yake ya pekee. Hizo zinakata umeme wa demareri au wa pompa ya mafuta, na telekomande yake ikifa gari haiwaki hata kama ufunguo ni mzima. Aliyezifunga kwa kawaida alificha kifungo cha kuzilaza, chini ya tablo au karibu na fizibli. Mwulize aliyekuuzia gari kifungo hicho kiko wapi, na umwulize kabla hujamlipa.

MAMBO YANAYOLETA MAJERUHI

Sasa nirudi kwa jirani na shauri lake la kusukuma. Gari iliyofungwa na antidemaraje haiwaki kwa kusukumwa, hata ikisukumwa mpaka Beni, kwa sababu mafuta na moto vimekatwa. Gari ya otomatiki nayo haiwaki kwa kusukumwa, hata ikiwa haina antidemaraje. Na milima yetu mnaijua. Gari inayoteremka na moteri imezimwa ina breki nyepesi mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Usukani unakuwa mzito, na dereva akichomoa ufunguo kwa wasiwasi usukani unajifunga. Wanaosukuma wako nyuma, watoto wako mbele wanatazama.

Kuunganisha batri ya gari nyingine kunafaa, lakini kwa utaratibu. Waya mwekundu: plasi ya batri iliyolala, kisha plasi ya ile nzima. Waya mweusi: minasi ya ile nzima, na mwisho chuma kitupu cha moteri ya gari iliyolala, mbali na batri yake. Batri inatoa hewa inayolipuka, na cheche ya mwisho haitakiwi kutoka juu yake. Hakuna sigara, hakuna kuinamisha uso, hakuna kumulika kwa kiberiti. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi, jicho likiwa wazi, dakika 20 kamili, halafu uje kwetu. Usioshe dakika mbili ukakimbia. Maji yale ndiyo dawa ya kwanza, na sisi hatuna nyingine bora kuliko hiyo.

Mtoto akifungiwa ndani ya gari juani na telekomande imekufa, na ufunguo wa chuma haupo, vunja kioo cha dirisha lililo mbali naye. Kioo kinanunuliwa.

JIWE DOGO NA MTOTO

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Umebadilisha jiwe. La zamani umeliweka wapi? Juu ya meza, kwenye tablo ya gari, mfukoni. Linameta, ni laini, na mtoto wa mwaka mmoja au miwili anatia kila kitu kinywani.

Jiwe la milimita 20 ni pana kiasi cha kukwama katika umio wa mtoto, yaani njia ya chakula kati ya koo na tumbo. Watu wengi wanafikiri hatari ni kusongwa, au sumu iliyo ndani. Hatari kubwa ni umeme. Jiwe likigusa nyama yenye mate, umeme unapita, na upande wa minasi inatokea kemikali kali kama ile ya kuzibua mabomba. Inaunguza nyama. Jeraha baya linaweza kutokea kwa muda wa saa mbili. Na jiwe lililochoka, lile lisiloweza tena kufungua mlango wa gari, bado lina umeme wa kutosha kuunguza mtoto.

Kule Marekani mtoto wa mwaka mmoja na nusu, jina lake Reese, alikufa Desemba 2020 kwa jiwe lililotoka katika telekomande. Mwaka 2022 ilitoka sheria yenye jina lake, inayodai mahali pa jiwe pafungwe ili mtoto asiweze kupafungua. Telekomande za zamani zilizo mikononi mwetu hazikutengenezwa kwa sheria hiyo. Nyingi zinafunguka kwa ukucha, na zikianguka chini zinajifungua zenyewe.

Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba kwa kawaida hakuna aliyemwona mtoto akimeza. Mtoto anatoa mate mengi, anakataa kula, anakohoa, anatapika, analia akimeza, au hana dalili yoyote. Mama anafikiri ni meno au mafua, na hata mganga anaweza kufikiri hivyo. Kwa hiyo, mama, ukileta mtoto wa namna hiyo na nyumbani kuna jiwe lisiloonekana, sema neno hilo kwanza, kabla ya mengine: «Docta, jiwe la telekomande limepotea.» Neno hilo linabadili kazi yote. Mtoto atapelekwa mara moja kupigwa picha ya radiografi. Juu ya picha jiwe linafanana na sarafu, lakini ukitazama vizuri ukingo wake una duara mbili, moja ndani ya nyingine.

Usimtapishe. Usimpe mkate au ndizi ili «lisukumwe». Usimpe maziwa wala mafuta. Usingoje litoke chooni. Kuna kitu kimoja kinachoruhusiwa njiani: asali. Kama mtoto amezidi miezi 12, anameza vizuri, na jiwe limemezwa kabla ya saa 12 kupita, mpe vijiko viwili vidogo, mililita 10 hivi, kila dakika 10, isizidi mara sita. Asali inafunika nyama na kupunguza ukali wa kuungua. Haiondoi jiwe. Kama asali haipo nyumbani usiende kuitafuta, ondoka. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kumletea ugonjwa mwingine mbaya.

Jiwe lililokwama linaondolewa na mganga kwa chombo cha kupitisha kooni, kwa haraka. Piga simu hospitali kabla ya kuondoka, ili usifike mahali pasipo na chombo na kupoteza saa nyingine njiani. Hata baada ya kuondolewa kazi haijaisha: nyama iliyoungua inaweza kutoboka na damu kutoka siku au wiki kadhaa baadaye. Mtoto akitapika damu au akitoa choo cheusi baada ya kurudi nyumbani, arudishwe saa ileile. Jiwe lililoingia puani nalo linaunguza, kwa mwendo uleule. Lililoingia sikioni usilitilie matone ya dawa, lete mtoto.

Jiwe ulilotoa, lifunge pande zote mbili kwa skochi mara moja, kabla hata hujatia jipya, kisha litie ndani ya chupa yenye kifuniko. Chupa ya namna hiyo iko mlangoni mwa dispanseri yetu, na nyingine iko kwenye ofisi ya garaje. Tutapokea pia mawe ya saa, ya mizani na ya vitu vya kuchezea vya watoto. Mashofere wa ambulansi na wa magari ya zamu watafika kwenye garaje Jumatatu baada ya kazi, kila mmoja na ufunguo wake, wajaribu kufungua na kuwasha gari bila jiwe.